Niokoe dunia sasa hivi au nizunguke kwanza? Mwongozo wa gemu za dunia wazi

Mwezi wa saba, kusi ikivuma sana hapa Amu, mashua nyingi zinabaki zimefungwa na chumba changu cha gemu hapa Langoni kinajaa tangu baada ya adhuhuri mpaka usiku. Wengi wanataka mpira tu, wapige mechi, wakebehiane kidogo, waende zao. Lakini kuna wale watatu wanne wanaokaa kona ya ndani kwenye PS4 ya pili na ile laptopu ya zamani, hao wanataka zile gemu ndefu, unaunda mtu wako, unaachiwa dunia nzima na farasi na mapango na majoka, alafu mzee mmoja mwanzoni anakwambia dunia inaangamia nenda kaiokoe. Na swali lao ni lile lile kila siku.

"Ami, nikaokoe dunia sasa hivi au nizunguke kwanza?"

Zamani nilikuwa najibu "zunguka tu mwanangu" kwa gemu zote, na lilikuwa jibu baya. Kuna mmoja alizunguka kwenye Oblivion mpaka levo ishirini na kitu bila kugusa stori kabisa, siku alipoamua kuingia Kvatch, ule mji wa vita vya mwanzo vya stori, akapigwa kama ngoma ya arusi, akaniangalia mimi kama nimemwibia. Hapo ndo nikaanza kufikiri vizuri hii mambo. Ukweli ni kwamba kila gemu imefunga stori yake kuu kwa kamba yake, kuna kamba ndefu, kuna fupi, kuna zinazokatika ukizivuta vibaya, na ukishajua yako ni ipi swali la kwanza linajijibu lenyewe. Bas naandika mara moja hapa, mtu asome, asinisumbue nikila mahamri yangu.

Hatua ya 1: jua kamba ya gemu yako

Anza na ile tuliyocheza wote, San Andreas ya 2004. Si RPG hasa, yaani gemu ya kuunda mtu wako na kumkuza, ingawa CJ, yule unayemchezesha, akila sana ananenepa na akienda jimu anatoa misuli, lakini inaonyesha vizuri kamba ya milango. Uko Los Santos, njia za kutoka zimefungwa, ukijitia ujanja ukaogelea mpaka upande wa pili nyota nne zinakuwakia papo hapo na polisi wanakumaliza. Unataka San Fierro, fanya misheni. Cyberpunk 2077 inafanya vivyo hivyo mwanzoni, unafungiwa mtaa wa Watson mpaka ule wizi mkubwa upite ndo mji wote unafunguka. Elden Ring ya 2022 inakuachia karibu dunia nzima, lakini mji wa Leyndell huingii mpaka uwe umeshapata Great Rune mbili, yaani uwe umeua mabosi wakubwa wawili, na hapo hata ulie.

Kamba ya pili ni ya stori inayokungoja. Skyrim ya 2011 ndo mfano wa hii. Joka linachoma kijiji cha Helgen mbele ya macho yako, unatoroka, unaambiwa kimbia ukamwambie mtawala wa Whiterun. Sasa jaribu usiende. Kaa miaka miwili ya gemu unachuma maua na kuiba vijiko, hakuna joka litakalotua popote, kwa sababu majoka ya njiani hayaanzi mpaka umalize ile misheni ya kupigana na joka la kwanza pale mnara wa magharibi nje ya Whiterun. Yaani maangamizi ya dunia yamekaa barazani yanakungoja wewe uvae viatu. Mara ya kwanza kuligundua hili nilicheka peke yangu usiku.

Ya tatu naipenda kuliko zote, ni lengo moja tu na njia zote zako. Breath of the Wild ya 2017, watu wanabishana kama ni RPG au la, mi siingii huko. Unaanza juu ya uwanda uliozungukwa na magenge, unamaliza mahekalu manne, mzee anakupa lile tanga la kurukia, alafu gemu inakwambia muue Ganon, yule adui mkubwa. Kwisha. Unaweza kwenda ngomeni saa hiyo hiyo na fimbo na chupi, kuna watu wamefanya na wakashinda. Vyote vyengine ni matayarisho, kuna wanyama wanne wakubwa wa mitambo, ukimkomboa kila mmoja Ganon anapungua nguvu na unapunguziwa bosi mmoja huko ndani. Hapo stori kuu imegeuzwa kuwa deni, unalilipa ukiwa tayari.

Na ya nne ni stori yenye saa ya kweli. Hizi si nyingi siku hizi maana wachezaji hawazipendi. Fallout ya kwanza kabisa, 1997, unapewa siku 150 kutafuta chipu ya maji ya watu wako walio chini ya ardhi, siku zikiisha wamekufa na gemu imeisha. Unaweza kuwanunulia maji ukaongezewa siku 100, lakini saa inatembea. Kingdom Come: Deliverance ya 2018 nayo ina misheni kadhaa ambazo hazikungoji, unapumbaa na mambo yako unarudi unakuta mambo yamekwenda bila wewe.

Utajuaje yako ni ipi bila kusoma mtandaoni ukaharibiwa stori? Cheza saa mbili za mwanzo. Ukipewa tarehe au idadi ya siku, amini. Ukiambiwa "haraka" bila tarehe, usiamini, ntakueleza mbele. Ukifungua ramani ukaona sehemu imezibwa kabisa, kuna mlango, na mlango unafunguliwa na stori, kwa hivyo usipoteze usiku mzima unaruka kuta.

Hatua ya 2: usiachie kamba kabla ya kupewa vyombo

Hapa ndo vijana wanakosea zaidi. Gemu inafunguka wanapotelea porini dakika ya kumi, alafu wanalalamika gemu ngumu. Karibu kila gemu ya aina hii ina sehemu fulani ya mwanzo ambayo stori kuu inakupa kitu cha lazima, na ukiondoka kabla hujakipata ni kama kwenda Pate bila injini ukitegemea makasia.

Breath of the Wild hiyo sehemu ni lile tanga, na huwezi kushuka salama bila yake kwa hivyo hawakupi nafasi ya kukosea. Elden Ring wanakupa nafasi, tena wanakuangalia ukikosea. Hakikisha umepumzika kwenye zile neema za mwanzo za nje, vile vituo vya kupumzikia, mpaka Melina atokee, maana yeye ndo anakuwezesha kupanda levo na ndo anakupa farasi, Torrent. Nishaona mtu ana rune elfu nyingi mfukoni, zile za kununulia levo, hajui kwa nini hawezi kuzitumia, kumbe alikimbilia pwani akampita Melina. The Witcher 3 ya 2015 maliza White Orchard yote, ni kijiji kidogo kimewekwa hasa ujifunze, ukitoka pale unajua kupigana, unajua kutafuta nyayo, na pengine ushakuwa mlevi wa Gwent, ile karata, mimi ilinila wiki nzima na Ciri, yule binti unayemtafuta kwenye stori, bado hajapatikana.

Skyrim ina uchaguzi, na watu wengi hawajui ni uchaguzi. Ukimpelekea yule mchawi wa Whiterun lile jiwe kutoka Bleak Falls Barrow, joka la kwanza linakuja, ukiliua unaanza kupata ile nguvu ya kupiga makelele yanayorusha watu, na kuanzia hapo majoka yanaweza kukutokea popote njiani. Kwa hivyo kama unataka kucheza mwizi au mwindaji mtulivu wa kuuza ngozi, simama kabla ya hapo, usipeleke jiwe. Kama unataka makelele, peleka jiwe mapema, ua joka, nenda kwa wale wazee wa mlimani, alafu ndo uachane na stori. Mimi ni wa kupeleka jiwe. Mtoto wa ami yangu ana mwaka wa tatu hajapeleka na ana nyumba tatu na mke.

Morrowind ya 2002 ndo iliyoweka jambo hili kiungwana kuliko zote. Unashushwa melini Seyda Neen, unapewa karatasi umpelekee jamaa anaitwa Caius Cosades kule Balmora. Unamkuta kifua wazi, anasoma, anakuangalia, alafu anakwambia wewe bado mtoto, nenda katafute kazi, jiunge na kundi lolote, ujue watu, ukishakomaa rudi. Yaani stori kuu yenyewe inakufukuza ukazunguke! Hakuna kujisikia unaiba muda. Na hakuna mshale, unaambiwa kwa mdomo, fuata mto mpaka daraja, panda kushoto, ukiona mwamba umepita. Mtu wa hapa Amu hawezi kupata shida na hiyo, maana hata wewe mgeni akikuuliza nyumba fulani Mkomani utamwambia pita msikiti ule, kunja kwenye baraza, uliza kwa muuza viazi.

Hatua ya 3: usome ukuta usioonekana

Sio kila mlango una kufuli. Waliotunga gemu wakitaka usiende mahali bado na hawataki kukuwekea ukuta, wanaweka meno.

Ntakupa kisa cha mtoto wa ndugu yangu, miaka kumi na nne, nilimwekea Fallout: New Vegas ya 2010 kwenye ile laptopu kwa sababu ndo inayoiweza. Umepigwa risasi ya kichwa na jamaa wa suti ya miraba, umefukuliwa, daktari wa Goodsprings amekutibu, unataka kumfuata huyo jamaa, na amekwenda Vegas. Kijana kaangalia ramani, Vegas iko kaskazini, barabara inakwenda kaskazini, akakamata kaskazini. Mzee wa machimbo ya Sloan akamwambia usipite hapo mbele kuna Deathclaw. Akapita. Sijui umeshawahi kumuona Deathclaw, ni kama kenge aliyesimama kwa miguu miwili akawa mrefu kuliko mlango, kucha kama mapanga, na anakimbia. Kijana alikufa. Akarudisha sevu akajaribu kwa kuinama, akafa. Akazunguka kwa milimani upande wa pili, huko kuna nyigu wakubwa wanaitwa Cazador, sumu, akafa akiwa anakimbia na hajui amekufa na nini. Nilihesabu mara kumi na moja nikiwa nafunga hesabu zangu, mara ya kumi na mbili akasukuma laptopu.

"Ami hii gemu imeharibika. Wamesema niko huru."

"Uko huru. Na wao wako huru pia."

Nikamwambia aangalie kusini. Njia ya kusini inapita Primm, inapanda mpaka kituo cha jeshi mpakani, inashuka Nipton, inazunguka Novac, alafu inarudi juu mpaka Vegas, ni kama nusu duara na ni ndefu kweli. Lakini angalia kilichomo humo. Primm unakutana na shida za NCR, ile serikali, wana askari na hawatoshi. Nipton unakuta Legion, maadui wa NCR, wamefanya bahati nasibu ya kuua mji mzima, na mkubwa wao amesimama hapo na ngozi ya mbwa kichwani anakueleza kwa upole kabisa. Kufika Vegas ushajua nani ni nani na ushaanza kuwa na upande, na hakuna mtu aliyekushika mkono. Wale Deathclaw ndo waliokuongoza. Hii kwangu ndo kazi nzuri zaidi ya kuchanganya stori na uhuru niliyoiona, maana ukiwa mjanja sana unaweza kweli kupenya kaskazini, wapo wanaopenya, ukuta unavuja kwa makusudi.

Kwa hivyo kanuni ya chumba changu ni hii, ukifa mara mbili kwa adui yule yule na hujampunguza hata robo, hapo umefika ukuta, geuza. Weka alama kwenye ramani, rudi baadaye. Elden Ring ule mwale wa dhahabu unaotoka kwenye neema unakuonyesha njia ya stori na inakupeleka moja kwa moja kwa bosi Margit, na Margit anakupasua. Mwale haujadanganya njia, umedanganya wakati. Nenda kusini kwanza, Weeping Peninsula, boresha silaha yako, rudi.

Sasa tahadhari, na hii ndo iliyomuua yule wangu wa Kvatch. Kuna gemu ambazo ukuta unatembea na wewe. Oblivion ya 2006 dunia inapanda levo kadiri unavyopanda, mpaka wanyang'anyi wa njiani, watu wa kuiba vizibo, wanakuja wamevaa deraya za kioo za bei ya nyumba. Humo kuzunguka sana kabla ya stori kunakuumiza, hasa kama levo zako umezipata kwa kuruka ruka na kufungua makufuli badala ya kupigana. Kvatch nenda mapema, levo za chini, mashetani yakiwa bado madogo. Kinyume kabisa cha New Vegas. The Witcher 3 iko katikati, kila misheni ina levo yake imeandikwa, ukiwa chini yake utateseka, ukiipita sana inakupa eksipiriensi kidogo mno mpaka unajisikia umedhulumiwa, kwa hivyo humo fuata namba zilivyopangana bila kuona haya.

Hatua ya 4: pima hiyo haraka ni ya mdomo au ya saa

Hapa ndo gemu nyingi zinajikwaa na mi ntasema ninavyoona. Fallout 4 ya 2015 mtoto wako mchanga ameibiwa, mke au mume ameuliwa mbele yako, unatoka nje unalia, na dakika ishirini baadaye unampandia matikiti mtu usiyemjua na kumtengenezea kitanda. Hakuna mzazi duniani atakayefanya hivyo. Cyberpunk ni hivyo hivyo, una chipu kichwani inakumaliza, unaambiwa una wiki chache tu, na simu inalia jamaa anakuuzia gari. The Witcher 3 unamtafuta Ciri ambaye anawindwa, lakini hapo wamejitahidi, maana Geralt, yule unayemchezesha, kazi yake ni kuwinda mazimwi kwa pesa, na mtu anayemtafuta mwanawe naye anahitaji pesa ya kula na habari za kuulizia, kwa hivyo kusimama kijijini kuulizia kunaingia akilini. Yule Baron wa Velen hatakupa habari ya Ciri mpaka umtafutie mke na binti yake. Hapo pembeni na katikati zimeshonwa pamoja, hujui wapi umetoka njiani.

Kwa mchezaji kitu cha kufanya ni kutafuta stori inapopumua yenyewe. Watu wa mashua wanajua hii. Ukienda Pate unapita Mkanda, na Mkanda maji yakitoka chombo kinakaa mchangani, hata uwe na haraka ya mgonjwa unangoja maji yajae. Sasa hapo unafanya nini, unapika chai, unavua, unalala. Stori nazo zina sehemu zake za maji kupwa. Cyberpunk kuna wakati misheni yenyewe inakwambia subiri simu. Hapo ndo pa kuzunguka, umeambiwa ungoje, ngoja ukifanya kazi zako za mtaani. Skyrim ni baada ya kushuka kwa wale wazee wa mlimani. New Vegas ni baada ya kumpata yule wa suti ya miraba, maana kisasi kimeisha na sasa wakubwa wote wanakutaka upande wao, mjumbe wao ni wewe na hakuna anayekupigia kengele.

Usiondoke stori ikiwa juu juu, mtu amebebwa, mji unachomwa. Gemu nyingi hazitakuadhibu, lakini ukirudi baada ya wiki mbili utakuta moto bado unawaka vile vile na wewe umeshasahau unauzima kwa ajili ya nani, ladha yote imekwenda.

Hatua ya 5: daftari na sevu

Fupi hii. Nunua daftari la shule. Kila ukizima andika mistari mitatu, uko wapi, ulikuwa unakwenda wapi, nani kakwambia. Elden Ring haina orodha ya misheni, mtu anakwambia maneno mawili ya mafumbo alafu humuoni mpaka masaa ishirini yapite, bila daftari umemkosa. Mpango ninaowapa vijana ni misheni moja ya stori kuu alafu mbili tatu za pembeni zilizo eneo hilo hilo, ukimaliza eneo ndo uendelee. Ukikusanya za pembeni arubaini kwa pamoja unageuka karani.

Sevu tatu kwa mkono, unazizungusha, moja ya leo, moja ya jana, moja ya mwanzo wa eneo. Hapa stima inaweza kukatika katikati ya sevu na ile faili ikafa, imenitokea, masaa tisa yakaenda na mtu akataka nimrudishie pesa yake, na nikamrudishia nusu. Elden Ring humo hakuna kurudi nyuma, inajisevu yenyewe juu ya ile ile, ukimuua muuza duka kwa bahati mbaya ndo hivyo, utaishi nalo.

Hatua ya 6: milango inayofungika nyuma yako

Uhuru mwingi wa gemu hizi unaisha ghafla na watu wanashtuka. Fallout 3 ya 2008 ilipotoka, ukimaliza stori gemu imekwisha, huwezi kurudi kuzunguka, watu walilalamika sana mpaka nyongeza ya mwaka uliofuata, Broken Steel, ikaja kukufufua uendelee. New Vegas hawakubadilisha, vita vya Hoover Dam vikiisha unaonyeshwa picha za yaliyotokea kwa kila mji na kundi, na ni mwisho. Wanakuonya kabla. Ukiona hilo onyo, sevu, toka, nenda kamalize ya wenzako wa safari wote, maana zile picha za mwisho zinatokana na hayo.

Cyberpunk ni ile misheni ya kukutana na Hanako pale Embers, ukiingia tu umefungwa ndani mpaka mwisho, ingawa ukishamaliza unarudishwa kabla ya hapo. The Witcher 3 ni kabla ya kwenda Isle of Mists, inakwambia baadhi ya misheni zitakufa, amini, zitakufa kweli, hasa zile za kuomba watu waje kukusaidia vitani. Walioalikwa wanakuja, wasioalikwa hawaji, na pengo lao unaliona.

Elden Ring hawakuonyi chochote. Ukimuua bosi Maliketh, Leyndell yote inageuka majivu, ule mji wa dhahabu uliokuwa unapanda na kushuka ngazi zake unazikwa, na ulichoacha juu juu humo kimekwenda. Maliza Leyndell kwanza. Nimeandika hii kwenye ukuta wa chumba kwa makapeni.

Hatua ya 7: jaribu kuivunja

Ukitaka kujua gemu imekupa uhuru kiasi gani, sevu, alafu umuue mtu muhimu. Wallahi nasema kweli, hiki ndo kipimo. Skyrim watu wengi wa stori hawafi, anapiga goti, anapumua, anainuka anakuendea kama hukumfanya kitu, hata Oblivion ilikuwa wanazimia tu. Wanailinda stori dhidi yako. Morrowind anakufa. Unapata ujumbe kwamba umekata uzi wa unabii, rudisha sevu yako au endelea kuishi kwenye dunia uliyoiharibu, na ukiendelea ipo njia ya mlango wa nyuma ya kumaliza stori, ngumu, chungu, unaipitia kwa Yagrum Bagarn, yule mzee wa kabila lililopotea, anayekaa chini kwa wagonjwa. New Vegas wana ujanja mwengine, unaweza kuua wakubwa wa kila upande, wote, na stori bado inaisha, kwa sababu wamekuwekea roboti mmoja mchangamfu Yes Man ambaye ukimvunja anarudi na mwili mwengine akicheka. Stori nzima imetundikwa kwenye msumari mmoja ambao hauwezi kung'oka, na msumari wenyewe unakwambia ndiyo kwa kila kitu. Mi naona huyo Yes Man ni akili kubwa kuliko kuwafanya watu wote wasife.

Basi yule kijana wangu alikubali kwenda kusini. Ikamchukua siku nne, akafika Novac akanunua chumba, akapandishia juu mpaka lango la Vegas, na hapo lango lina roboti anayetaka uonyeshe una vizibo 2000, vizibo vya soda ndo pesa ya huko. Alikuwa na 340. Akanigeukia na macho yale yale ya Deathclaw.

Nikamwambia ukuta huu ni wa pesa, na huu una njia nyingi zaidi. Ukiwa na ujuzi wa sayansi wa kutosha unamdanganya roboti mwenyewe. Kuna mtu hapo Freeside, mtaa wa nje ya lango, anatengeneza pasi za bandia. Kuna treni ya wanajeshi inatoka kambi ya McCarran inaingia mpaka ndani, kama NCR wanakupenda. Na kuna kufanya kazi za watu hapo nje mpaka zijae. Akafikiri, akauliza ile treni iko wapi, alafu akaanza kurudi nyuma kwa miguu kuelekea kambini, na njiani akaona pango akaingia.